Pikipiki Kuukuu ya Mchanja Kuku wa Mgori

Kumepambazuka Mgori na Dorkas Simeoni bado anapiga kiki. Mguu ukichoka anashuka, anachomoa plagi, anaifuta kwa pindo la kanga na kuirudisha, kisha anaanza upya. Nyuma ya kiti kumefungwa kiboksi chenye chanjo ya kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, na barafu iliyomo ndani haitadumu kutwa.

Hatimaye injini inakohoa na kushika. Dorkas hashangilii.

"Nikifurahi mapema huwa inazima," anasema, akivaa kofia.

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja huchanja kuku katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Mgori: tone moja kwenye jicho, shilingi mia moja kwa kuku. Pikipiki yake ni Honda XL ya miaka ya themanini. Aliinunua kwenye mnada wa mali za mradi wa mifugo uliofungwa, mradi uleule uliomfundisha kuiendesha. Wenzake siku hiyo waligombea meza na viti.

"Kwenye mchanga inapita pale ambapo vijana wa boda wanashuka kusukuma," anasema. "Spea nilidhani zitapatikana tu."

Hazipatikani. Kebo ya klachi imetoka kwenye pikipiki ya aina nyingine ikaungwa. Kioo cha taa ya mbele ni cha trekta. Kila kinachovunjika humpeleka Singida mjini kwa fundi Elisha, mzee ambaye sasa hushika skrubu karibu kabisa na uso ili aione.

Kiangazi cha mwaka jana koili, inayoipa plagi cheche, ilikufa katikati ya msitu. Dorkas alikuwa anawahi kijiji kimoja ng'ambo ya pili, kwa kuwa kideri kilikuwa kimeshaingia kwa jirani zao. Alisukuma pikipiki hadi jioni. Alipofika, barafu ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu, na watu walikuwa wamefungia kuku tangu asubuhi wakimngoja.

Akaimwaga chanjo mbele yao.

"Walinisihi niwachanjie hivyohivyo. Ningewachanjia maji," anasema.

Kideri kilipita wiki hiyohiyo. Belinda Manase, aliyekuwa akisomesha mtoto kwa kuku, alibaki na tetea mmoja. Tangu hapo, wakikutana gulioni, haitikii salamu ya Dorkas.

Dorkas akaipakia pikipiki kwenye lori hadi kwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Benson. Koili ya hii sina, na hapa mjini hutaipata. Itafutie mwenzake aliyekufa, tumtoe viungo."

Mwenzake alipatikana Mkiwa, nyuma ya nyumba ya wageni, matairi yakiwa yameliwa na mchwa. Mwenye nyumba, Laurian, alikubali kuiuza, lakini chini ya injini kulikuwa na kuku anaatamia. Akamwomba Dorkas angoje vifaranga vitoke.

"Nilichoka, nilitaka kulia," anakumbuka. "Lakini mimi ni mtu wa kuku. Nikarudi nyumbani nikangoja."

Koili ya ile mfu ndiyo inayoiendesha pikipiki leo. Safari ni ya kijiji kilekile.

Anafika jua likiwa bado la upole. Watu ni wachache kuliko mwaka jana. Belinda anakuja mwisho, tenga la kuku kichwani. Analitua, anakisogelea kiboksi na kukifunua bila kuomba ruhusa. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kuuacha humo.

Belinda anautoa mkono, unadondosha maji. Anaukausha kwenye gauni taratibu.

"Ni baridi," anasema. "Haya, daktari, chanja."

Anamshika kuku wa kwanza mwenyewe na kumgeuza kichwa.

Baadaye, akifunga mizigo, Dorkas anasema hana mpango wa kutafuta pikipiki nyingine. Anachotaka ni kina mama wa hapa wachangishane wanunue friji ya sola, chanjo ikae kwao, naye amfundishe mmoja wao kuitia. Leo ameshamtajia Belinda.

"Hajakubali. Kasema atafikiri," anasema, akiukanda mguu wake wa kulia. "Akikubali, nitapumzika."