Kupasha Misuli Mbele ya Baba Mkwe

Kazi yangu kwenye mbio za mjukuu wangu ni kushika kitenge. Anakuja amekifunga kiunoni, anakivua, ananipa, nakiweka begani mpaka arudi. Ni kazi ninayoiweza. Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani, pamoja na ya wale walioahidi kuja wasije, lakini siyaandiki. Mjukuu wangu ni mke wa watu, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Yeye akilihifadhi mdomoni halafu mimi nikalimwaga kwenye karatasi, nitakuwa nimemsaidia nini.

Mbio zilikuwa kwenye uwanja wa shule, huku kwetu Nyamiaga. Si za kukimbia tu. Unakimbia kwanza, halafu unapanda baiskeli unafuata barabara ya kwenda Rusumo, unapishana na malori, unageuza, unarudi, unaiacha baiskeli pale uwanjani na kukimbia tena kupanda kilima na kushuka. Walioleta mchezo huo walitaka na kuogelea mtoni. Wazee wakawauliza kama na mamba wameandikishwa kushiriki. Kuogelea kukaondolewa.

Kabla ya kuanza lazima wapashe misuli. Zamani nilidhani ni kujionyesha. Mtu ana safari ndefu mbele yake, naye anaanza kwa kurukaruka pale pale alipo, akimaliza hajafika popote. Anazungusha kiuno na ngoma haipigwi. Analala chali, mwenzake anaushika mguu wake na kuusukuma kuelekea kichwani kama anakunja mkeka. Nilinyamaza, kwa sababu mimi niliishia darasa la nne na hayo tulikuwa bado hatujayafikia.

Mwaka jana nikaona maana yake. Gari lililobeba baiskeli zao lilichelewa njiani, filimbi ikalia yeye ndiyo kwanza anashuka. Akakimbia hivyo hivyo na baridi yake. Kwenye baiskeli alikwenda vizuri, ila aliporudi na kushuka, mguu wa kushoto ukakaza nyuma ya paja. Akakaa chini katikati ya uwanja, watu wote wanamtazama, akaja kuondolewa na pikapu ya kreti za soda. Habari ilifika Kaniha, kule Biharamulo alikoolewa, kabla yeye hajafika.

Baba mkwe wake hakugomba. Alisema tu kwamba mara nyingine atakuja mwenyewe aone kwa macho yake kama hilo ni jambo la mke wa mtu au siyo, na atakalosema ndilo litakalokuwa. Mumewe akaitikia. Ni kijana mzuri, lakini mbele ya baba yake hana sentensi ndefu. Kwa hiyo safari hii mambo yalikuwa wazi: mguu ukikaza tena, viatu vinakwenda darini na yeye anarudi kwenye jembe moja kwa moja. Na alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima, alfajiri, kabla ya kwenda shamba.

Siku ilipofika, baba mkwe alikuja na koti lake na kofia yake, mwanawe akitembea nyuma. Mimi ni mkubwa kwake, akanipa shikamoo mkwe, nikamwitikia marahaba. Mjukuu wangu alipiga magoti, akamwamkia akitazama chini, akarudi nyuma kwa adabu. Waandaaji nao, kwa heshima, wakampa kiti cha mbele kabisa. Kiti hicho kilitazama mahali pale pale ambapo wakimbiaji walikuwa wanapashia misuli.

Hapo ndipo tulipokwama. Kukimbia mbele ya baba mkwe kuna utetezi wake. Mkimbiaji amevaa suruali ndefu ya mpira na fulana kubwa, anapita, mtu anaweza kusema anawahi mahali. Lakini kuzungusha kiuno na kurusha miguu juu ukiwa umesimama mbele ya mzazi wa mumeo, hilo halina maelezo. Mjukuu wangu akasimama karibu nami, kitenge amekifunga mpaka kifuani, anatetemeka. Asubuhi za kwetu unazijua kama umewahi kuamka huku. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba.

Alijaribu kwenda kupashia nyuma ya vyoo. Wanafunzi wakamfuata wote, wakajipanga kama wanaangalia maonyesho, akarudi. Nyuma ya madarasa ndiko kulikopikwa wali wa wageni, moshi mtupu. Mwalimu wao wa michezo, kijana mmoja mwembamba, akaja akamwambia avue kitenge aanze, wenzake wameshapasha mara mbili. Mjukuu wangu akamnong'oneza kwamba baba mkwe yuko pale.

"Dada," mwalimu akasema, "huo mguu haumjui baba mkwe."

Alisema kweli, ila yeye hakuwa ameolewa Kaniha.

Mgeni rasmi naye alikuwa hajafika. Ilisemekana yuko njiani, na akifika tu, filimbi inapigwa. Basi hakuna aliyejua kama umebaki muda mrefu au mfupi. Mjukuu wangu alikuwa anaukanda mguu wa kushoto kwa mkono mmoja ndani ya kitenge, akidhani simwoni. Nikamwacha, nikaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya baba mkwe.

Nilimwuliza habari za mihogo, akasema imeshika. Nikamwambia kuna chai kwa jirani hapo nyuma, twende tukanywe wakati tunamsubiri mgeni. Akasema amekuja kuona, na chai haikimbii. Nikamwambia kule upande wa pili wa uwanja kuna viti vyenye mito. Akasema hicho alichonacho kinamtosha. Tukakaa tunawatazama vijana wakirukaruka.

"Mkwe," nikasema, "wale wanapasha misuli."

"Naona."

"Hupasha wote."

"Mmoja hapashi," akasema.

Akavua kofia, akaishika magotini. Halafu akaniuliza kama mwaka jana alipasha. Nikamwambia hakupasha, hawakumpa nafasi. Akatikisa kichwa taratibu. Akaanza kunisimulia habari za ng'ombe wa plau. Alisema alikuwa na dume mmoja zamani, mwenye nguvu kuliko wote, ambaye mtumishi alimtoa zizini asubuhi ya baridi, akamfunga nira na kumchapa hapo hapo alime. Dume akateguka bega. Ng'ombe lazima kwanza umtembeze atembee bure, alisema, mwili ufunguke, ndipo umpe kazi. Alimtaja dume huyo kwa jina, nalo pia ninalo.

Alipomaliza alisimama, akakishika kiti chake, akakigeuza chote kikaelekea ukuta wa darasa, akakaa tena na kuvaa kofia.

"Jua linaniumiza macho," akasema.

Jua halikuwepo.

Ukuta huo una picha ambayo walimu waliichorea wanafunzi, ya chakula kinavyosafiri tumboni, tangu mdomoni hadi mwisho wake. Baba mkwe akaitazama. Mzee aliyekaa kushoto kwake akamwona, akadhani huko ndiko mgeni rasmi atakakotokea, naye akageuza kiti. Wa pili akamfuata. Haikupita muda, mstari wote wa mbele ulikuwa unatazama utumbo mpana.

Mimi sikugeuka. Nilimwita mjukuu wangu kwa mkono. Akaja, akaona migongo ile yote imejipanga, akaona koti analolijua. Akafungua kitenge, akanipa, akaenda uwanjani. Alipasha kila kitu. Alikimbia kwenda na kurudi, akazungusha kiuno, akalala chali na mwenzake akamkunja mguu ule wa kushoto mpaka ukanishtua. Uso ukaanza kumng'aa jasho.

"Bado?" baba mkwe akauliza ukuta.

"Bado kidogo."

Mgeni rasmi alipofika alianza kusalimia wazee na kukuta migongo. Mshereheshaji akawaomba kwa kipaza sauti wageuke. Wengine wakageuka. Baba mkwe akasema asisumbuliwe, anasikia vizuri.

Filimbi ikapigwa. Mbio za kwanza nilimsimulia mimi, nani yuko mbele, mjukuu wangu yuko wapi. Walipotoka na baiskeli nilimwambia sasa anaweza kugeuka, hawapo. Akakataa. Alisema mjukuu wangu akirudi ghafla na macho yao yakakutana, atapunguza mwendo kwa heshima, anamjua. Basi tukakaa hivyo, mimi huku, yeye kule, mpaka baiskeli zikaanza kurudi.

Yake niliiona ikiingia getini. Nikakishika kitenge begani.

"Amefika," nikasema.

"Ameshuka?"

"Anashuka."

Alishuka. Akasimama. Akaupiga chini mguu wa kushoto, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja, nami nikasahau kusema.

"Mkwe," akasema. "Yuko chini?"

"Yuko kilimani," nikamwambia. "Anapanda. Anakimbia."

Baba mkwe akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena.

Mjukuu wangu hakuwa wa kwanza, wala wa pili, na alirudi kwa miguu yake yote miwili. Nilimfunga kitenge kabla hajasogea kwa wazee. Tulipoketi kula, mumewe alikuwa ameshika sahani bila kula, anasubiri neno la baba yake. Mjukuu wangu alikaa nyuma yangu, mgongo wake ukigusa wangu.

Mzee alikula kwanza. Akanawa mikono. Ndipo akamgeukia mwanawe.

"Ile baiskeli niliisikia ilipoingia. Cheni inalia," akasema. "Unamwachaje mkeo aende nayo mpaka Rusumo, inalia hivyo?"

Kijana akaweka sahani chini, akainuka kwenda kutafuta oili.