Salamu Tuliyomnyima Mwalimu Getruda

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, nilipovuka kwa feri kutoka Mwanza hadi Kamanga, njia ya Sengerema, wakili wa miaka miwili tu, shingo imekazwa na tai, kichwa kimekazwa na kiburi. Ukuta wa darasa ulikuwa umemvunja mguu binti mdogo, Kabula. Baba yake aliishtaki halmashauri inayosimamia shule, nami nilikuwa wakili wake. Halmashauri ilisema haikujua kama ukuta una ufa. Aliyejua ukweli ni Mwalimu Getruda, mwalimu mkuu mstaafu wa shule hiyo. Alikuwa mgonjwa wa moyo, anasubiri kupasuliwa, hivyo mahakama iliruhusu ahojiwe nyumbani kwake Sengerema kabla ya kesi kusikilizwa, mawakili wa pande zote wakiwepo.

Alinifundisha darasa la nne, mama yule. Lakini niliogopa kwamba nikimwamkia, wakili wa halmashauri atasema namrubuni shahidi. Nikafungua faili. "Jina lako kamili?"

Akanitazama. "Unalijua."

Nikarudia. Akageuza uso, akatazama dirishani. Nikamtishia kwa amri ya mahakama. Mwenzangu wa halmashauri akadakia kwamba mgonjwa asisumbuliwe, iandikwe kuwa amekataa. Tukabishana mbele yake kana kwamba hayupo, kila mmoja na kifungu chake. Fahali wawili wakipigana, unajua nani huumia. Baba Kabula alikuwa pembeni akiikunja kofia yake na kuikunjua. Mwalimu asiposema, kesi imekufa.

Mzee Masanja, aliyetumwa na mahakama kuandika majibu, akaweka kalamu chini.

"Nyie vijana, mnagombana nani aulize nini, na hakuna aliyemwamkia mwenye nyumba. Tokeni nje, muingie upya."

Mwenzangu akacheka, akaona mzee hacheki. Tukatoka. Pale kibarazani tukaelewana kwa dakika chache: tuulize kwa zamu, tusimkatize, apumzike akichoka. Tukaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumbe adabu mnayo, mliisahau kwenye feri tu. Kaeni. Wewe uliza, na usinong'one kama ulivyokuwa ukisoma ubaoni."

Akaeleza jinsi alivyoiandikia halmashauri barua mbili kuhusu ufa ule. Nakala akazitoa kwenye kabati la vyombo. Mwenzangu akazisoma, akashusha pumzi. Hatukufika hata kwenye kusikilizwa: halmashauri ilikiri, Kabula akatibiwa. Siku ile ya mahojiano baba yake aliketi kwenye ngazi za kibaraza akalia taratibu, kama mtu aliyetua gunia la mpunga. Nami nilirudi Mwanza tai mfukoni, kifua wazi, upepo wa ziwa ukiniingia hadi mbavuni.

Mwanangu, nawe sasa unaingia uwakili: heshima si utumwa, na salamu haijawahi kuharibu ushahidi. Unapoidai haki ya mtoto, usimvue mkubwa utu wake. Na mkishindwa kuelewana na mpinzani wako, tokeni nje kwanza, mzungumze kama watu. Shahidi si kamba ya kuvutana. Mungu akupe sikio lililo jepesi kuliko ulimi, na kila nyumba utakayobisha hodi ikukaribishe kwa moyo mweupe.