Sufuria za Waliookoka

Watu wakisikia kwamba niliacha kumwamini Mungu nikiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, huniuliza kwa sauti ya chini nani alikufa. Hakuna aliyekufa. Sikuonewa na mchungaji, sikusoma kitabu kibaya, wala sikuharibiwa na marafiki, ingawa mama alitamani sana iwe ni marafiki, maana marafiki mtu anaweza kuwafukuza. Ilikuwa Jumapili moja katikati ya miaka ya sabini, katika kanisa letu la mabati karibu na Barabara ya Jogoo. Tumefumba macho, mzee wa kanisa anaomba mvua, anaielekeza mbingu mahali Kenya ilipo. Nikafumbua macho nimtafute huyo tunayezungumza naye. Nilichokiona ni kisogo cha karani wa posta, na mtoto mmoja aliyekuwa anatafuna kifungo cha shati lake. Nikangoja nione kama nitaogopa. Sikuogopa. Nilisikia njaa.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na hakikuwa na mahali pa kufichia jambo. Mama alilia kidogo, kisha akaniomba nisiliseme penye bomba. Milango yote ya kwetu ilitazama ua mmoja, na bomba lilikuwa katikati. Kufikia jioni bomba lilijua. Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa, mtu aliyemwamini Mungu akiwa barabarani tu, na alipofika nyumbani alisema mtoto akue kwanza. Nilikuwa nimeajiriwa, napiga chapa katika ofisi moja Makadara, lakini kwa baba nilikuwa bado nakua.

Shida haikuwa roho yangu. Shida ilikuwa kitambaa. Mama alikuwa na haja moja duniani, kuvishwa kitambaa cha kichwa cha chama cha akina mama wa kanisa. Si kila mwanamke aliyevishwa. Walichunguzwa: ndoa yao, vinywa vyao, watoto wao. Mama alikuwa amefagia kanisa lile, amepika katika harusi za watu asiowapenda, ameketi na wagonjwa wenye harufu mbaya, yote kwa furaha, na bado alikuwa anaketi viti vya nyuma akijifunga leso ya kawaida. Sasa binti yake hataki kanisa. Ungedhani nimeiba sadaka.

Majirani waliniombea kwa wiki kadhaa, kisha wakagundua faida. Jumapili moja mke wa fundi viatu alitoka amevaa viatu vya kisigino, Biblia mkononi, akasimama mbele yangu.

"Sasa wewe, si uko tu hapa?"

"Niko."

"Basi nichungie hii githeri. Maji yakikauka uongeze. Usiache iungue, nina wageni."

Wiki iliyofuata zilikuwa sufuria tatu, kisha ua mzima. Kila mlango ulitoa jiko lake la makaa, na githeri ya mahindi na maharagwe, au muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa, vikatokota huku wenyewe wakienda kumtukuza Bwana hadi saa saba. Waliniachia na funguo, na kuku, na nguo kwenye kamba. Mimi mpotevu, ambaye mkono wangu haukufaa kupitisha sahani ya sadaka, nilifaa kabisa kushika ufunguo wa kabati. Nilijaribu kumweleza mke wa fundi viatu jambo hilo. Aliniuliza kama githeri imewekwa chumvi.

Waliniachia pia Susu. Ndivyo tulivyomwita sote, yaani nyanya kwa Kikamba, mama wa mchonga vinyago wa mlango wa mwisho. Miguu yake ilikuwa imekataa kutembea. Mwanawe alikuwa nguzo ya sauti nzito katika kwaya, na kwaya haiwezi kusimama bila nguzo, kwa hiyo kila Jumapili Susu alitandikiwa mkeka penye jua, akaambiwa asali moyoni. Alikuwa haoni vizuri, lakini alisikia jiko linalozimika kabla yangu.

"Mwiitu," alikuwa akiniita, yaani msichana. "La tatu linalala."

Nami niliinuka, nikapepea.

Sijui nilieleze vipi lililonipata Jumapili zile. Ua uliojaa makelele siku sita ulinyamaza, nikabaki nazunguka polepole kutoka jiko hadi jiko, nikifunua kifuniko, nikionja, nikiongeza maji, nikimsogeza Susu jua likihama. Nilimsugua miguu kwa mafuta ya nazi, na yeye akafumba macho bila kuomba chochote. Mara nyingi hatukusema neno hadi watu waliporudi. Kulikuwa na utulivu ambao niliutafuta miaka mingi kanisani nikiambiwa umejaa tele. Sikumshukuru mtu kwa utulivu huo, maana sikuona wa kushukuru, lakini shukrani ilikuwepo, nzima, imenijaa kifua. Nilikuwa mwema Jumapili zile. Siku nyingine zote nilikuwa na mdomo mchafu kama kawaida.

Mwaka wa chama kupokea wanachama wapya ulifika. Mzee wa kanisa akaja kwetu kumchunguza mama, yule yule wa mvua. Alikunywa chai, akaongezewa, akaula mkate wote.

"Mama, wewe huna doa," alisema. "Lakini nyumba ni ushuhuda. Kikulacho ki nguoni mwako." Akanitazama mimi, kikulacho. "Binti huyu asimame mbele siku hiyo, aseme ameokoka. Sentensi moja tu. Ama ni ngumu?"

"Si ngumu, Mzee. Ni fupi hata."

Hakucheka. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya waumini wanaoshirikiana na wasioamini katika moto mmoja na chungu kimoja. Ujumbe ulifika. Wiki baadaye majirani waliwasha majiko kama kawaida, wakaweka sufuria kama kawaida, kisha mke wa fundi viatu akatangaza kwamba leo Bwana mwenyewe atachunga. Mama aliniomba nisiguse kitu. Mimi ni mtoto mtiifu. Niliketi na Susu tukasikiliza.

"Zinaungua," alisema Susu baada ya muda.

"Naona, Susu."

"Hata yetu?"

"Hata yenu."

"Basi huyo Bwana leo amelala," akasema, na kwa vile alikuwa mshirika wa kanisa wa siku nyingi kuliko sote, neno lake nikalipokea. Mtaa mzima ulikula mkate na chai siku ile. Jumapili iliyofuata sufuria zilirudi mlangoni kwangu, safari hii zimefunikwa taulo ili mzee wa kanisa asizitambue akipita.

Mama hakucheka nasi. Siku zilikuwa zinakwisha. Jioni moja tulikuwa tunachambua sukuma wiki, akasema bila kunitazama, "Mwanangu, sema tu. Wewe unasema hakuna mtu huko juu. Sasa ukisema uongo, ni nani atakusikia?"

Alikuwa amenishinda kwa hoja yangu mwenyewe. Na nilimwona anatupa majani mazima na kubakiza mabua. Alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kuniomba kitu kwa ajili yake mwenyewe. Nikamwambia nitasema. Kwangu yalikuwa maneno tu, na maneno ni bure.

Siku yenyewe tuliamka mapema. Rinda lake lilikuwa limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Nami nilivaa sketi ndefu, nikafunga vifungo vyote. Tulikuwa tayari kutoka aliponigeukia mlangoni.

"Hebu sema nisikie."

Nikashusha macho, nikaweka sauti ile niliyoisikia tangu utotoni. "Bwana asifiwe. Mimi nimeokoka, na ninampenda Yesu kama mwokozi wangu."

Ilitoka vizuri mno. Hata mtetemo kidogo mwishoni niliuweka. Mzee wa kanisa angelia.

Mama akaketi kitandani na rinda lake lililopigwa pasi, bila kujali linakunjamana.

"Umesema vizuri kuliko mimi," alisema. "Mimi nikisema huwa nakwama."

"Basi si ni vyema?"

"Vua hiyo sketi."

"Mama, leo ndiyo siku."

"Najua ni leo." Alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Nilikwambia hakuna atakayekusikia. Hayo yalikuwa maneno yako. Mimi najua atasikia. Siwezi kukupeleka mbele yake udanganye ili nipate kitambaa. Wewe kaa."

Nilimwambia sijali, nitasema tu, kwangu si kitu. Akasema hilo ndilo tatizo. Kisha akajifunga leso yake ya kawaida mbele ya kioo, akaichukua Biblia, akaninyooshea ukosi wangu kana kwamba ni mimi niliyekuwa natoka.

Alijua vyema anakokwenda. Jina lake lingerukwa, wenzake wangeitwa mmoja mmoja, na yeye angeketi nyuma awapigie makofi. Hakuvishwa kitambaa mwaka ule, wala mwaka wowote. Nilimpenda asubuhi ile kuliko siku zote, na nilimkasirikia Mungu nisiyemwamini kwa kupewa mtu kama huyu bure.

Nilisimama mlangoni nikamtazama akivuka ua, mgongo umenyooka, hadi akapinda kona ya barabara. Mikono yangu sikujua niiweke wapi. Nikaendelea kusimama vile vile, kama watu wanavyosimama kanisani, na hakuna aliyekuwa ameniambia nisimame.