Kulala Mchana Murara

Kine wa hospitali, yule anayefundisha watu wenye maumivu namna ya kuutumia mwili, aliniambia nishone nusu saa kisha nilale chini robo saa, hata kama mgongo haujaanza kuuma. Hasa kama haujaanza, akakazia. Niliitikia ndiyo, ndiyo, huku moyoni nikisema huyu hawajui wateja wa mtaa wangu wa Murara. Mimi ni fundi wa nguo, mzaliwa wa Butembo, na kwetu mwanamke anayelala saa nne asubuhi ama amejifungua jana ama anakata roho.

Mgongo wangu unauma mwaka wa saba sasa, na madaktari hawaoni kitu cha kupasua. Nilikuwa nimeuzoea kwa njia yangu ya kijinga: siku ukiuma nalia, siku ukinipa nafasi nafanya kazi kama mwendawazimu. Akina mama wa shirika letu la parokia walikuwa wameniletea vitenge vya sare ya sikukuu, blauzi kumi na sita pamoja na yangu, na wiki tatu za kuzishona. Jumanne niliamka mwepesi. Nikashona blauzi tatu bila kuinuka, nikafua mashuka, nikapiga deki, nikajiona nimepona. Jumatano hadi Ijumaa sikuweza hata kuvaa viatu. Niliogopa kweli, maana mwaka uliotangulia nilichelewesha nguo zao, na nilijua nikichelewa tena watazipeleka kwa fundi wa mtaa wa Himbi na hawatarudi. Bila cherehani yangu sijui mimi ni nani katika mtaa huu.

Basi Jumamosi nikamtii kine. Nikatandika mkeka kando ya cherehani, nikatega saa ya simu, na ilipolia nikajilaza. Mlango niliuacha wazi ili wateja wajue nipo. Hapo ndipo nilipokosea, kwani jirani wa kwanza kupita aliniona nimenyoosha miguu sakafuni mchana kweupe, na kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa na habari.

Alasiri wakaja akina mama sita wa shirika, na juisi, ndizi na rozari. Ningefanyaje? Niliinuka. Niliazima viti kwa jirani, nikawasha makaa kwenye babula, nikachemsha chai, nikapiga magoti kusali rozari pamoja nao hadi fumbo la tano. Jumatatu wakaja wengine, Jumanne wengine tena, kila mara katika robo saa yangu ya kulala. Wema wao uliniumiza mgongo kuliko cherehani. Alhamisi akaja mkubwa wa shirika mwenyewe. Alinitazama kwa uso wa msibani, akasema taratibu kwamba wamezungumza, na kwamba wangechukua vitenge vilivyobaki wampe fundi mwingine, ili mimi niugue kwa amani.

Nilikasirika hadi machozi. Nilikuwa nimeshainuka nusu, mkono ukitafuta kiti cha kumpa. Nikaurudisha mkono, nikajilaza tena mbele yake, mimi niliyelelewa nikijua kwamba mgeni hapokelewi na mtu aliyelala.

"Mama, mimi siko nakufa," nikamwambia. "Niko napumuzika mbele ya kuchoka. Kama unataka blauzi yako, uniache nilale."

Nilidhani ameudhika. Kisha akauliza zimebaki dakika ngapi. Nikamwambia nane. Akavua viatu, akaketi chini, akaegemea ukuta na kunyoosha miguu. Akaniambia kwamba magoti yanamuuma tangu mwaka jana na hajamwambia mtu, hata mume wake.

"Mimi nilizani kupumuzika ni ya bavivu," akasema.

Vitenge havikuondoka. Akina mama waliendelea kuja, maana shirika haliachi mtu, lakini sasa walichemsha chai wenyewe, wakakata nyuzi zilizoning'inia, wakaniruka miguu kwenda kuchukua vikombe. Mwanzoni nilifumba macho kwa aibu. Baadaye nikawa nawaelekeza nikiwa hapo hapo chini, na kuwagombeza wakikata vibaya. Maumivu hayakuisha, lakini sikulala tena siku tatu kitandani.

Jumamosi ya mwisho blauzi kumi na tano zilikuwa zimetundikwa ukutani. Yangu ilikuwa imekatwa tu, mikono haijaunganishwa. Nayo ilikuwa siku nyepesi, zile siku za hatari, mwili mzima ukinishawishi nimalizie. Mguu ulikuwa tayari kwenye pedali simu ilipolia. Nililia kidogo, kwa sababu naipenda sare, na nani asiyeipenda. Kisha nikafunika cherehani, nikajilaza, na siku hiyo sikuifunua tena.

Jumapili ya sikukuu nilikwenda misani kwa miguu yangu mwenyewe, nimevaa kitenge cha mwaka jana. Mbele yangu safu nzima ilikuwa imevaa kazi ya mikono yangu, na nilijivuna bila kujificha. Matoleo yalipoanza tulitoka kwa mstari, tukicheza kupeleka sadaka mbele. Nilicheza hadi katikati ya kanisa, hapo nikatoka mstarini, nikaketi kabla mgongo haujasema neno. Watu waligeuka kunitazama. Mkubwa wa shirika, katika blauzi yake mpya, akatoka mstarini naye, akaja akaketi kando yangu.