Shangazi Alitaka Kuliona Jua Lake

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Hakika, kwa sababu ukimwambia kumekucha atakuuliza, "Una hakika?" kisha atafungua dirisha atazame mwenyewe. Ukimlipa, anainua noti juani. Ukimsifia gauni aliloshona, anakuuliza unataka nini. Hana ubaya na mtu. Aliamua tu zamani kwamba asiyetazama ndiye anayeliwa.

Cherehani zake mbili za umeme ziko chumba cha mbele, ghorofa ya chini ya jengo la kupanga. Ng'ambo ya ukuta ni saluni ya mama yangu. Mama ameolewa na kaka yake Shangazi, kwa hiyo wawili hao ni mawifi, na wameishi kama mawifi wanavyoishi: wanaazimana pasi, wanauguzana, na kila mmoja anapokisikia kicheko cha mwenzake anakipima kwanza kama kinamhusu.

Mambo yalianza pale kampuni ya umeme ya jiji ilipomtuma afisa wake apite mlango kwa mlango. Alikuwa dada mpole, mwenye kofia ya kampuni na viatu vilivyojaa vumbi. Alieleza kwamba sasa wateja wanaweza kuchagua. Mwenye paa lake atawekewa paneli za sola, na umeme utakaombakia ataurudisha kwenye nyaya za kampuni. Mpangaji asiye na paa, awe wa nyumbani au wa biashara, anaweza kukodi sehemu ya shamba la jua ambalo kampuni imelijenga nje ya mji. Umeme unaotoka kwenye sehemu yake utapunguzwa kwenye bili yake. Asiyetaka hayo abaki alivyo.

"Huo umeme wa shambani," Shangazi alisema, mguu ukiwa bado kwenye pedali, "utaijuaje njia ya kuja kwangu?"

Afisa akatabasamu. "Hauji kwako moja kwa moja, mama. Ni kama tangi la maji. Kila mtu anamimina lake, kila mtu anachota kiasi chake."

"Kwa hiyo nitachota ya watu."

"Maji ni yaleyale, mama."

"Una hakika?"

Dada wa watu akavua kofia, akajipepea.

"Na paneli yangu mimi ni ipi?" Shangazi akaendelea. "Naweza kwenda kuigusa?"

"Hutengewi paneli moja, mama. Unakuwa na sehemu tu katika zote."

"Basi unanikodisha chumba kisicho na mlango."

Mama alijiunga siku hiyohiyo. Mashine zake za kukaushia nywele zinakula umeme kama watoto wa likizo wanavyokula mkate, na bili ilikuwa imemchosha. Tangu hapo akageuka mpiga debe. Kila mteja aliyekaa chini ya mashine alipewa habari za shamba la jua, akitaka asitake. Yule afisa naye alirudi wiki iliyofuata, safari hii kusukwa. Wakacheka sana na mama. Upande wa pili wa ukuta cherehani zilinyamaza, nikajua tunasikilizwa.

Jioni Shangazi aliniita nimshikie kitambaa akate.

"Mama yako analipwa nini na wale watu?"

"Halipwi kitu, Shangazi."

"Mtu hasifii mzigo ambao hana mkono ndani yake. Na yule binti amesukwa bure?"

"Amelipa."

"Ulimwona akilipa, au uliambiwa?"

Niliambiwa. Wasiwasi wa Shangazi una tabia ya mafua: ukikaa karibu yake, kesho unapiga chafya wewe. Usiku ule nilijikuta namtazama mama mzazi kwa jicho la pembeni.

Mama hakukata tamaa. "Wifi, jiunge basi," alimwambia mlangoni. "Tuwe pamoja."

"Pamoja wapi?"

"Mbona nakuletea jambo la heri unanitazama kama mwizi wa kuku?"

"Nakutazama kama wifi yangu."

Asubuhi moja Shangazi alifunga chumba chake. Aliaga kwamba anakwenda kutafuta uzi wa sare za shule, rangi ya kijani isiyopatikana jirani. Mama alikuwa ameshatoka, naye akisema anafuata nywele za bandia kwa muuzaji wa jumla. Nikabaki na saluni, na sikushuku lolote. Katika ukoo wetu mzima, siku hiyo, nadhani nilikuwa peke yangu.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na pale hadithi zilipokutana ndipo nilipoamini.

Basi lilimshusha Shangazi mwisho wa barabara, akafuata uzio kwa miguu. Ndani, paneli zilikuwa zimejipanga safu kwa safu, zote zimeelekeza nyuso upande mmoja. Getini alisimama mtunza shamba na ndoo na brashi ndefu ya kufutia vumbi. Mbele yake alikuwapo mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, ameushika wavu wa uzio kwa mikono miwili.

"Nataka tu kuona kama zipo kweli, kaka yangu," mwanamke yule alikuwa akisema. "Siingii, nachungulia tu."

Sauti ile Shangazi anaijua hata kupitia ukuta.

"Kumbe nywele zinauzwa huku?" akauliza.

Mama aligeuka. Akamtazama wifi yake kutoka kichwani hadi miguuni. "Na uzi je?"

Mtunza shamba, akidhani wamekuja pamoja, aliwafungulia geti. "Karibuni. Si ninyi wa kwanza. Wengi wanakuja kutuchungulia."

Akawapitisha katikati ya safu. Shangazi aligusa paneli, akaurudisha mkono haraka kwa joto. Kwenye ukuta wa kibanda palikuwa na skrini inayoonyesha shamba linatoa umeme kiasi gani wakati huohuo. Namba ilikuwa kubwa. Shangazi hakuijali. Namba, alisema, hata yeye anaweza kuiandika.

Ndipo likapita wingu. Kivuli kilitambaa juu ya safu moja baada ya nyingine, na namba ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka tena.

"Inakufa," mama akasema, ameshika kifua.

"Ni wingu, mama," mtunza shamba alijibu, akichovya brashi yake ndooni.

Kivuli kikaenda zake, namba ikapanda. Mama akageuka waondoke. Shangazi hakusogea.

"Tusubiri lije jingine," alisema.

Wakaletewa viti vya plastiki. La pili likafanya vilevile. La tatu lilikuwa dogo, likagusa pembe tu ya shamba, na namba ikatikisika kidogo. Hilo ndilo lililomwingia Shangazi.

"Tapeli anakuonyesha faida, mwanangu," aliniambia baadaye. "Hasara anaificha. Kile kitu kilianguka mbele ya macho yangu na hakikuona haya."

Wakiwa kituoni wanangoja basi, alimuuliza mama kwa nini alikuwa akiwatangazia watu kitu ambacho mwenyewe hakukiamini.

"Niliamini nusu," mama alisema. "Nikaogopa kubaki peke yangu. Nikasema kama ni kutapeliwa, tutapeliwe wengi. Na wewe nilikutaka zaidi ya wote, wifi, kwa sababu mimi sina ubavu wa kwenda kugombana ofisini. Wewe unao."

Shangazi anasema hapo alicheka. Mama anasema wifi yake hakucheka, alikohoa tu. Kisha Shangazi akauliza kama yule afisa alilipa kusukwa.

"Alilipa. Na alilalamika kwamba namvuta nywele."

Shangazi alijiunga, kwa sehemu ndogo kuliko ya mama. Bili ilishuka, ila si sana kama ulimi wa afisa ulivyoishusha, na miezi ya mvua ilishuka kidogo tu. Anapiga simu kampuni kila anapoona shaka. Wakati mmoja mama hakupunguziwa chochote, Shangazi akaenda kusimama kaunta, cherehani zikalala siku nzima, mpaka kosa likarekebishwa. Mama aliketi nyuma yake kwenye benchi, amefurahi.

Sasa mwenye jengo ameanza kusema kwamba atalikodisha paa letu kwa kampuni. Amewaambia wapangaji wasiwe na wasiwasi, kila kitu kiko sawa. Kesho yake asubuhi mawifi wawili walifunga milango yao wakaenda kumwona, na safari hii hawakuniaga kwa habari za uzi wala nywele.