Reli Niliyoichora Kupita kwa Mama Nashipae

Nilitoka Kitengela Jumanne asubuhi kwenda Kajiado kumwambia mjane mmoja kwamba ile reli inayokuja kumchukulia shamba haiko. Nilijua haiko kwa sababu ni mimi niliyeichora.

Wacha nieleze. Mimi ni fundi wa mageti. Jioni, wenzangu wakienda kutazama mpira, mimi hukaa kwa kompyuta kuendesha treni. Ni gemu. Mke wangu Mwende huniuliza leo nimefika nchi gani, kisha anacheka peke yake. Mwaka huu wenye gemu waliwaomba wachezaji wapendekeze reli mpya, na itakayowapendeza wataiunda. Nikapendekeza treni ya abiria ya kutoka Kitengela hadi Kajiado, ya kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Walitaka ramani, picha na vipimo vya miinuko, nami nikivalia njuga kitu huwa sifanyi nusu; niliiunda hata treni ya majaribio kwenye kompyuta yangu. Wiki mbili nilitembea porini na koti la reflekta, nikipigilia vigingi vyenye rangi nyekundu ili nisipotee nikirudi kupima. Ramani niliipamba mpaka ikafanana na ya serikali, na nambari za bikoni, yale mawe ya mipaka, na mita thelathini za reli kila upande. Nilipomaliza niliiweka mtandaoni wachezaji wengine waione, na vigingi nikaviacha palepale. Nilijiambia, vijiti tu, nani atavijali?

Mtu yeyote aliyezaliwa Kajiado angenijibu. Huku kigingi chekundu, alama ya wapimaji wa serikali, kikionekana kwa ardhi yako, usingizi unaisha.

Jumatatu jioni alinipigia Lemayian, mfanyabiashara wa mbuzi aliyenionyesha njia wakati ule nikipima.

"Fundi, ile ramani yako iko kwa kila simu hapa. Watu wanasema serikali inaleta reli. Kuna broka wa mashamba anazunguka akiwaambia wauze haraka kabla hawajafukuzwa bure. Mama Nashipae, yule mjane uliyepitisha vijiti kwake, anaenda bodi ya ardhi kesho saa tano kuuza."

"Si umwambie ni gemu?"

"Nimemwambia. Ameniuliza ni nani amenituma. Kuja wewe mwenyewe. Na usivae lile koti, watu wako na hasira."

Saa tatu asubuhi, Kitengela. Nilifunga kompyuta kwa begi, nikalivaa mgongoni na kuwasha pikipiki. Mwende alisimama mlangoni na kikombe mkononi, na siku hiyo hakucheka.

"Wakikushika utafanya nini?"

"Nitawaonyesha gemu."

"Baba Kioko, watu wenye hasira watangoja kompyuta iwake?"

Aliniombea pale pale, kwa Kikamba, maombi mafupi.

Saa tatu na nusu, Kisaju. Upepo wa barabara ya Namanga unajulikana, lori likikupita unashika usukani kwa mikono yote na kumtaja Mungu. Lakini siku hiyo malori hayakunitisha. Kilichonitisha ni mzee mmoja aliyekuwa akivusha ng'ombe. Alinitazama, akaitazama pikipiki, akanitazama tena. Labda alikuwa anangoja tu nipite. Niliongeza mwendo nikaondoka pale.

Isinya nilisimama ninywe chai. Hilo lilikuwa kosa. Meza ya pili walikaa wanaume watatu wameinamia simu moja, na kwenye simu niliona mstari wangu mwekundu, stesheni zangu na nambari zangu za bikoni. Jina la gemu, ambalo nilikuwa nimeliandika pale chini, mtu alikuwa amelikata.

"Lakini redioni hawajasema kitu," mmoja alisema.

"Lisemwalo lipo," mwenzake akamjibu, "kama halipo laja. Mimi shangazi yangu alimwona sorveya mwenyewe akipima. Mwanamume mrefu, na pikipiki ya buluu."

Pikipiki yangu ya buluu ilikuwa nje, mbele ya mlango. Niliacha chai, nikaacha na mandazi ambayo sikuwa nimeyauma, nikatoka polepole kama mtu asiye na haraka. Nilipogeuka kuiwasha pikipiki niliona mmoja amesimama mlangoni ananitazama. Kutoka pale mpaka Kajiado niliangalia kioo cha nyuma zaidi ya nilivyoangalia barabara.

Saa nne na nusu, Kajiado. Lemayian alikuwa ananingoja karibu na soko la mifugo. Hakunisalimia vizuri. Alisema tu, "Twende, wameshafika."

Kwa asiyejua, bodi ya ardhi haimwiti muuzaji peke yake. Inaita na jamii, yaani mke au mume na watoto wazima, wasimame mbele, na kila mmoja anaulizwa kwa jina lake kama amekubali. Mmoja akikataa, shamba haliuzwi. Mama Nashipae alikuwa kwa benchi nje ya ofisi na binti zake wawili, wote wamevaa nguo za kanisani. Broka alisimama kando na faili kwapani. Kulikuwa na watu wengine wengi kwa foleni.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimia kwa Kimaa, nikimwita mama.

"Iko," aliitikia salamu, kisha akanikazia macho. "Ni wewe. Ni wewe wa vijiti."

Foleni yote iligeuka. Mtu mmoja alisema kitu kwa Kimaa na wawili wakasogea nyuma yangu. Kusema ukweli, niliogopa mpaka masikio yakaziba. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikaweka kompyuta kwa benchi kando yake, nikaifungua. Mwende alisema kweli. Haijawahi kuchelewa kuwaka kama siku hiyo.

Nilimwambia kila kitu ikiendelea kuwaka, kwamba ni mchezo, kwamba mimi ni fundi wa mageti, kwamba serikali hainijui. Binti mkubwa akaniuliza, "Mtu mzima? Mchezo?" Nikasema ndiyo, na nikaona haya. Kisha treni ikatokea. Ilitoka Kitengela, ikapita Kisaju, ikaingia Isinya, ikashuka kuelekea kwao. Mama Nashipae aliinama akautambua mlima, kisha korongo.

"Hapa ni kwangu," alisema.

"Ndiyo, yeyo."

"Na nyumba yangu iko wapi?"

Treni ilikuwa imesimama stesheni. Nilikuwa nimehitaji mahali pa kuiweka, na pale palikuwa tambarare, kwa hivyo nilikuwa nimeifuta nyumba, na boma la mbuzi, na kaburi la mume wake lenye ua wa miiba. Ilinichukua dakika moja, usiku mmoja nikinywa chai. Sikuwahi kuwaza juu yake mpaka hapo.

"Niliitoa," nikasema. "Nisamehe."

Waliitwa ndani.

Mimi si jamii, kwa hivyo nilibaki nje, na broka akaja kusimama karibu nami. Aliongea kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani. "Fundi, nimeona pikipiki yako. Kutoka hapa mpaka Kitengela ni mbali." Lemayian alikuja akasimama upande wangu wa pili na hakuondoka.

Mama Nashipae alitoka wa kwanza. "Wameniuliza kama nimekubali," alisema. "Nimewaambia bado nina nyumba." Binti zake walikuwa wanapangusa macho. Broka alifunga faili, akaondoka na simu sikioni.

"Sasa kuja utoe vijiti vyako," mama akaniambia.

Saa nane, nyumbani kwake. Nilivitoa kimoja kimoja kwa mikono, naye alinifuata nyuma akivihesabu. Vilikuwa kumi na moja. Nilipofika mwisho wa shamba niliona cha kumi na mbili, ng'ambo ya ua wa waya mpya kabisa, kwenye boma lisilo na moshi wala mbuzi.

"Hicho huwezi kukitoa," alisema. "Hapo palikuwa kwa shemeji yangu. Aliuza mwezi uliopita, alipoona kijiti. Sasa ni soja, analinda geti la watu huko Rongai. Wamepanga chumba kimoja, yeye na mke na watoto watano."

Alinipa maji ya kunywa, na niliyanywa nikitazama chini.

Kurudi, hakuna aliyenifuata, ingawa kila taa iliyotokea nyuma ilinikausha mate. Mwende alinifungulia geti na nikamwambia yote nikiwa bado nimeikalia pikipiki. Jioni hiyo niliwaandikia wenye gemu waliondoe pendekezo langu. Nilichojifunza ni kwamba kitu kisichokuwako kinaweza kumtoa mtu kwake. Reli yangu haijabeba abiria hata mmoja, na tayari imehamisha watu saba.