Mgomba wa Ua Wetu

Ua wetu wa Cimpunda, mtaa wa mjini ulio kwenye mteremko, ni mwembamba. Ukinyoosha mikono kati ya ukuta wa jikoni na ukuta wa jirani, unakaribia kugusa pande zote mbili. Jirani wa juu yuko juu kweli: sakafu yake iko sawa na mabati yetu, na mvua ikinyesha maji yake yote huja kutusalimia. Wengine wangelalamika. Mimi nilichimba mfereji, nikayaongoza hadi kwenye majimbi yangu.

Nasema bila haya: ua ule niliutengeneza mimi. Lengalenga, mchicha wetu, imo kwenye magunia niliyoyatoboa ubavuni, poaro na seleri za kutia mchuzi harufu zimo kwenye mabidoni ya mafuta yaliyokatwa, na marakuja imepanda ukuta hadi kwa jirani, naye anachuma matunda yanayoning'inia upande wake kana kwamba aliyapanda. Mbolea inatoka kwa dende, wale simbilisi wa kufugwa wanaopiga kelele chini ya meza ya jikoni kila wakisikia kisu kinakata mboga. Asubuhi naenda ofisini na viatu vya kisigino; jioni kucha zangu zina udongo, na sijawahi kuzificha.

Kwenye kona, pale maji ya kuoshea vyombo yanapoishia, kuna mgomba. Nilipoolewa, mamamkwe wangu alikuja kutoka kijijini na chipukizi lake la shamba la baba mkwe ndani ya kitunga, akanikabidhi mimi, mke wa mwanawe, mbele ya wageni.

"Mukamwana, panda hii mu simenti yenu, tutaona."

Watu wote walicheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nikasema, utaona kweli. Na mgomba ukazaa.

Miaka ikapita, mume wangu akaja na wazo lake: annexe. Chumba cha mbao uani, tupangishe mwanafunzi. Fundi akaja na kamba ya kupimia, akaifunga kwenye misumari, na kamba hiyo ikapita juu ya magunia yangu hadi kwenye mgomba.

"Papa, hii mugomba haikatwe," nikamwambia.

"Maman, hapa tuko mu ville. Ndizi, maman yangu anatuletaka," akajibu, kana kwamba mjini mgomba hauna kazi.

Nilimjia juu, naye akanijia juu, mpaka tukakubaliana mama yake aamue. Mume wangu alijua ameshashinda. Mama yake, mkulima tangu kuzaliwa, ataona nini kwenye mabidoni? Kusema kweli, nami niliogopa hivyo hivyo.

Mama alipofika nilimpokea kitunga. Kulikuwa na maharage, unga wa muhogo na kuku aliyefungwa miguu. Ndizi hazikuwemo. Sikuuliza; mgeni haulizwi alichokiacha kwake.

Chai aliikataa, akataka kwanza kuona ua. Nilikuwa na maneno yangu tayari, lakini nikajikaza kisabuni na kunyamaza, maana kizuri chajiuza. Alibonyeza gunia, akanusa udongo, akainama kuwatazama dende. Kwenye mgomba alisimama. Akafunua majani makavu, akapapasa shina, akayashika machipukizi moja moja.

"Hii haikugonjwa?"

"Hapana, maman."

Ndipo aliposema alichokuwa ametuficha. Ugonjwa ulikuwa umepita katika shamba la marehemu baba mkwe. Majani yaligeuka manjano, ndizi zikaoza ndani kabla ya kukomaa.

"Niliing'oa yote. Sasa udongo imeshapumuzika, lakini ile mbegu ya papa yenu sikuiona tena. Nilitafuta kwa majirani bote, bako na ya ingine tu." Akanigeukia, akaunganisha viganja vyake kama mtu anayepokea. "Mukamwana, nakulomba mbegu."

Mimi, mtu wa simenti, naombwa mbegu na mamamkwe! Nilijaa fahari mpaka machozi yakanitoka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikohoa, akaenda kuleta jembe. Machipukizi alipokwisha kuyatoa, aliifungua kamba ya fundi kwenye misumari, akayafungia nayo.

Kwetu kitunga cha mgeni hakirudi kitupu. Nikaanza kuweka sukari na sabuni, kama kawaida ya watu wa mjini. Mama akaitoa sabuni.

"Hii iko ku duka. Weka lengalenga."

Tulishuka kwa kijia chetu cha mteremko kumtafutia pikipiki. Mume wangu alitangulia na machipukizi begani, shati lake la kazini limejaa udongo. Jirani mmoja akamwuliza anapeleka wapi migomba.

"Ku mugini, kwa maman!" akajibu. "Kule ilikwisha. Hii imetoka mu parcelle yetu hapa, bibi yangu huyu nyuma njo aliichunga!"

Alisema kwa sauti, hata wa nyumba za juu wakasikia. Mimi nilikuwa nyuma yao, kitunga kichwani, na sikuwa na haraka ya kufika barabarani.